Mipira mikubwa na hesabu ya ponti

Dereva aliitwa barazani akiwa na daftari lake mkononi. Jirani yangu, mfanyabiashara wa ndagala na unga wa mihogo hapa Baraka, alikuwa amemkata mshahara wa miezi miwili kwa sababu mazutu hayakulingana na kilomita. Gari lilikuwa lile lile na njia ile ile ya kupanda Fizi na kurudi, lakini sasa kila kilomita 100 zilizosomwa kwenye saa zilikula lita 16 na zaidi, wakati zamani zilikula 15. “Patro, sijauzisha hata litri moja,” kijana alisema. Waliokuwapo walitazama chini.

Nilikwenda kulikagua gari lenyewe. Ilikuwa Land Cruiser ya mlango mmoja kila upande, injini ya mazutu ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo zamani ilivaa mipira ya 235/85R16, ndugu wa karibu wa ile 7.50R16 ya siku zote. Sasa ilikuwa imevishwa 315/75R16, mipya, iliyovushwa Ziwa Tanganyika kwa boti kutoka Kigoma. Mpira wa zamani una kipenyo cha milimita 806. Huu mpya una 879. Saa ya gari haiuoni mpira. Inahesabu mizunguko ya chuma kinachotoka kwenye giaboksi, na imefundishwa kiwandani kwamba mzunguko fulani ni mita fulani. Ukiweka mpira mrefu zaidi, gari linakwenda kilomita 100 lakini saa inaandika 92 tu. Lita 15 ukizigawa kwa 92 badala ya 100, zinaonekana ni 16 na kidogo. Kijana hakuiba. Alirudishiwa pesa zake jioni ile ile, nami nilishukuru.

Ila saa ilikuwa shida ndogo. Kubwa zaidi ilikuwa kwenye mteremko wa kutoka Fizi kushuka ziwani, na kwenye ponti ambayo hakuna aliyeikumbuka wakati mipira inafungwa.

Ponti ni ule mhimili mzima unaobeba magurudumu mawili. Tumboni mwake kuna difu, na ndani ya difu kuna gia mbili zinazoumana: pinioni ndogo inayozungushwa na kardani, na krauni kubwa inayozungusha magurudumu. Ikiwa krauni ina meno 41 na pinioni meno 10, kardani huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo 4.1 ndiyo namba ya difu, na ndiyo iliyowekwa kwenye nyingi za Land Cruiser hizi. Namba ikiwa kubwa, gari linakuwa na nguvu zaidi na mbio kidogo. Ikiwa ndogo, ni kinyume chake. Mpira mkubwa unaipunguza namba hiyo bila kugusa chuma chochote, maana kwa kila mzunguko gurudumu linalazimika kwenda mbali zaidi. Kwa mipira ya jirani yangu, nguvu ya kusukuma ardhi ilipungua kwa asilimia 8 hivi. Kwa injini, ni sawa na pikapu ya tani 3 kuongezewa kilo 270 mgongoni, karibu magunia matatu ya mihogo ambayo hayapo.

Kabla ya kufikiria difu, jiulize kama mipira hiyo unaihitaji. Wengi wanainunua kwa ajili ya kuinua gari, lakini ponti inainuka kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Kutoka 806 hadi 879 unapata milimita 36 chini ya difu. Unene wa vidole viwili. Kuna vijito ambavyo vidole viwili vinaokoa gari, sikatai, lakini katika matope ya msimu wa mvua mpira mwembamba wa 7.50R16 wenye meno mazima mara nyingi hufanya kazi bora kuliko mpana, kwa sababu unakata tope laini na kufika kwenye udongo mgumu chini yake. Mpira mpana unaelea juu, nao unasaidia zaidi kwenye mchanga wa pwani. Mtu anayebeba mzigo kati ya Baraka na Fizi, au anayekwenda machimbo ya Misisi mara moja kwa wiki, ningemshauri kwanza anunue mipira mipya ya kipimo kile kile cha kiwanda. Akitaka kupanda kidogo, achukue 285/75R16 yenye kipenyo cha milimita 834. Tofauti ni asilimia 3 na nusu, na kwa tofauti hiyo difu usiiguse.

Kuanzia asilimia 7 au 8 kwenda juu, hapo hesabu inaanza kudai.

Hesabu ya mpira ni rahisi. Katika 235/85R16, 235 ni upana kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 16 ni rimu kwa inchi, na kila inchi ni milimita 25.4. Zidisha 235 kwa 0.85, kisha mara mbili kwa sababu ubavu uko juu na chini, jumlisha na rimu, utapata 806. Lakini mimi naamini zaidi utepe wa kupimia kuliko maandishi, kwa sababu mpira hubonyea chini ya mzigo. Pakia gari mzigo wake wa kawaida, chora mstari wa chaki ubavuni mwa mpira hadi chini unapogusa ardhi, weka alama ardhini, kisha sukumeni gari mahali palipo tambarare hadi mstari urudi chini mara kumi. Pima urefu, gawanya kwa 10. Fanya hivyo kwa mpira wa zamani na kwa mpya. Ukipata tofauti ya asilimia 9 kwa njia hii, ni asilimia 9 ya kweli.

Namba ya difu nayo usiichukue kwa mdomo wa muuzaji. Kwenye kibati cha Toyota chini ya boneti kuna mstari wa msimbo wa ponti, na fundi mwenye kitabu anaweza kuusoma. Lakini kibati kinaeleza jinsi gari lilivyotoka kiwandani tu. Magari yetu yamepita mikono mingi kabla ya kufika Fizi: shirika, mnada, tajiri wa Uvira, kisha wewe. Mtu njiani anaweza kuwa amebadilisha difu bila kuacha karatasi. Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Panga mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, weka kigogo chini ya ponti, maana jeki peke yake inaweza kuteleza. Toa gia, toa breki ya mkono. Chora mstari wa chaki kwenye kardani, na mwingine ubavuni mwa mpira ulio juu. Sasa mmoja azungushe mpira polepole, mwingine alale pembeni akihesabu kardani.

Gurudumu moja likiwa limeshikwa na ardhi, difu ya kawaida humpa mwenzake mizunguko maradufu. Kwa hiyo mizunguko 2 ya mpira ulio juu ni mzunguko 1 wa krauni. Zungusha mpira mara 20 kamili. Kardani ikizunguka mara 41, difu yako ni 4.1. Ikizunguka 43, ni 4.3. Ikiwa 39 na kidogo, ni 3.9. Usizungushe mara mbili tu na kukisia, kwa sababu robo ya mzunguko huwezi kuiona vizuri ukiwa umelala kwenye vumbi. Kama mpira unakataa kuzunguka peke yake, huenda difu ina kifungio. Basi inua magurudumu yote mawili, zungusha magurudumu pamoja mara 10, na kardani itakupa jibu lile lile. Rudia kazi hii kwa ponti ya mbele, habu zikiwa zimefungwa. Usiruke hatua hii, sababu nitaieleza mbele.

Sasa zidisha namba ya zamani kwa kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Kwa jirani yangu: 4.1 mara 879, gawanya kwa 806, unapata 4.47. Hiyo ndiyo namba ambayo ingerudisha gari kama lilivyokuwa. Haiuzwi. Dukani utakuta 4.30, 4.56 na 4.88, na hapa ndipo watu wanapogombana.

Kuna njia nzuri ya kuzilinganisha bila kompyuta. Kilomita 60 kwa saa ni kilomita 1 kwa dakika. Kwa hiyo idadi ya mizunguko ya gurudumu katika kilomita moja ndiyo idadi ya mizunguko kwa dakika ukiwa kwenye mwendo huo. Mpira wa zamani huzunguka mara 395 katika kilomita. Zidisha kwa 4.1, na kwa gia ya nne, ambayo kwenye gari hili hupitisha mzunguko moja kwa moja, injini inakwenda 1,620. Mpira mpya huzunguka mara 362 tu, na kwa difu ile ile injini inashuka hadi 1,485. Injini hii hutoa msokoto wake mkubwa kwenye mizunguko 2,200, kwa hiyo kila unapoishusha unaiondoa mahali penye nguvu. Kwa 4.56 injini inarudi 1,650. Kwa 4.88 inafika 1,765.

Mtu wa Dar es Salaam anayekimbia lami hadi Morogoro angechagua 4.30, na asingekosea, kwa sababu anataka injini itulie kwenye kilomita 100 kwa saa. Sisi barabara hiyo hatuna. Njia ya kutoka Uvira kupitia Makobola, Mboko na Lusenda haikupi nafasi ya kukaa kwenye gia ya tano kwa muda mrefu, na kutoka Baraka kupanda Fizi gia ya tano unaisahau kabisa. Kelele ya injini kwenye mwendo mkubwa, ambayo ndiyo hasara kuu ya namba kubwa, kwetu haina bei.

Tena kuna mwinuko kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo hata ukiwa umeegesha sokoni Baraka injini imeshapunguziwa asilimia 7 au 8 kabla hujapakia gunia la kwanza. Ukipanda Fizi unapoteza zaidi, na anayethubutu njia za juu kuelekea Minembwe anavuka mita 2,000. Ndiyo maana kwa mipira ya 315/75R16, injini hii na mzigo wa hapa, jibu langu ni 4.56.

Wapo wanaosema 4.88. Inavutia, kwa sababu inafuta hasara ya mpira na kuongeza asilimia 9 juu yake. Mtu anayekwenda Minembwe tu, na mzigo kila siku, nitamwelewa. Lakini namba kubwa hupatikana kwa kupunguza pinioni. Difu ya 4.88 ina meno 39 kwenye krauni na meno 8 tu kwenye pinioni, na kila jino linabeba mzigo mkubwa zaidi. Dereva anayeachia klachi kwa ghafla gari likiwa limezama anaweza kulivunja jino moja, nawe unalala kijijini kusubiri boti ya vipuri.

Wengine huniambia: gari lina gia nzito ya pembeni, ya nini kugusa difu? Gia nzito ni ya kutambaa. Mlima wa Fizi kwa sehemu kubwa hupandwa kwa mwendo wa kilomita 20, 30 kwa saa, na huko si kutambaa. Pia ukiingiza gia nzito umefunga ponti mbili pamoja, na kwenye udongo mkavu wa Julai hilo si jambo la kufanya kilomita baada ya kilomita.

Tena kuna kushuka. Ukishuka kutoka Fizi na tani moja nyuma, kinachokushikilia ni injini, na breki ni msaidizi wake. Mpira mkubwa unapunguza nguvu ya injini kuzuia gari kwa ile ile asilimia 8, na breki pia, kwa kuwa ngoma ya breki ni ile ile lakini mkono wa gurudumu umerefuka. Difu mpya inarudisha upande wa injini. Upande wa breki hairudishi kitu. Anayevisha mipira mikubwa bila kukagua bitana za breki, silinda za gurudumu na umri wa mafuta ya breki anawapandisha watu kwenye gari ambalo kusimama kwake kumedhoofika. Na nyuma ya pikapu zetu hakuna mzigo usio na watu juu yake. Ningeomba kila mwenye gari alifikirie hilo siku anapochagua mipira.

Nimeahidi kueleza ponti ya mbele. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa abiria katika pikapu ambayo mwenyewe alibadilisha difu ya nyuma peke yake, kutoka 4.1 hadi 4.56, akasema ya mbele ataifanya pesa zikipatikana. Dereva alikatazwa kuingiza 4x4. Mvua ilitukuta, gari likateleza, naye akasahau. Katika 4x4 kardani mbili zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawa. Difu zikitofautiana hivyo, magurudumu ya nyuma yakienda mita 100, ya mbele yanataka mita 111. Kwenye tope mpira uliteleza na kuficha kosa. Tulipotoka kwenye tope na kukanyaga udongo mgumu, gari lilianza kuguna, usukani ukawa mzito, kisha tukasikia mlio mmoja kama wa shoka kwenye chuma. Krosi ya kardani ya mbele ilikuwa imekatika, na giaboksi ya kugawa nguvu imepasuka. Tulilala pale usiku mbili. Ikiwa pesa inatosha difu moja tu, subiri. Vaa mipira ya zamani, weka akiba, ununue zote mbili kwa pamoja, zenye namba moja.

Na kununua kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni krauni na pinioni mpya. Hizi huzaliwa pamoja, hupigwa namba moja iliyochorwa kwenye zote mbili, na hazitenganishwi kamwe. Kuzifunga ni kazi ya vipimo vidogo mno: uwazi kati ya meno unatakiwa uwe kati ya milimita 0.13 na 0.20 kulingana na difu, na haupimwi kwa kidole. Unahitaji saa ya kupimia yenye mshale, rangi ya kupaka kwenye meno ili kuona yanapogusana, beringi mpya, sili mpya, na fundi mwenye subira ya kufungua na kufunga mara tano. Kama fundi wako hana saa hiyo, peleka gari Uvira au Bukavu kwa mwenye nayo. Difu iliyofungwa kwa kukisia huanza kuimba, na baada ya wimbo huja vipande.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa Baraka. Kwenye ponti nyingi za Toyota, Hilux na Land Cruiser, kichwa chote cha difu hutoka kikiwa kizima, na krauni, pinioni na marekebisho yake ndani. Ukipata kichwa kilichotumika chenye namba unayotaka, kutoka gari la aina ile ile, unachomoa ekseli, unafungua nati, unatoa cha zamani na kuingiza kipya bila kugusa vipimo. Baadhi ya Hilux na Surf zilitoka kiwandani na namba kubwa, kwa hiyo wenye Hilux wana bahati zaidi ya kupata vichwa hivyo vilivyotumika. Kabla ya kulipa, hesabu meno ya krauni na ya pinioni kwa macho yako, shika pinioni uitikise kusikia kama inacheza, linganisha meno ya ndani ya ekseli na yako, na pitisha ukucha kwenye kila jino la krauni. Ukucha ukikwama kwenye shimo, kiache kichwa hicho.

Baada ya kufunga, jaza mafuta ya GL-5, 80W-90 au 85W-90. Safari ya kwanza iwe kilomita 20 au 30 bila mzigo, kisha simama hadi ponti ipoe kabisa. Meno mapya husuguana yakizoeana, na joto la siku ya kwanza ndilo linaloua difu nyingi. Kwa kilomita 800 za mwanzo beba nusu ya mzigo, usivute gari lililokwama, usipande mlima injini ikilia. Kisha mwaga mafuta yakiwa bado ya moto kwenye sahani nyeupe, na ufute kizibo chenye sumaku kwa kidole. Uji mweusi laini kama masizi ni wa kawaida. Ukiona kitu kinachong'aa ambacho unaweza kukishika kwa kucha mbili, usiwashe gari tena hadi difu ifunguliwe.

Jirani yangu alifanya hivyo. Sahani ilikuwa na uji tu. Dereva aliifuta kwa kitambaa, akajaza mafuta mapya, kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika juu yake kilomita za siku ile, 4.56, mbele na nyuma.